Ukungu na Maji Ndani ya Geji za Pikipiki

Mtu aendeshaye pikipiki alfajiri katika nchi za baridi, kama vile Limuru, Kinangop au Molo, amezoea kuliona jambo hili. Kioo cha mita ya mwendo kimefunikwa na ukungu mweupe, naye akikipangusa kwa kiganja hakiwi safi, kwa sababu ukungu wenyewe uko upande wa ndani. Tarakimu hazisomeki, mshale hauonekani, na ile taa ndogo ya kijani ionyeshayo kwamba gia iko nyutro yang'aa kama mwezi nyuma ya wingu. Wako watu waonao hivyo wakacheka tu, wakasema pikipiki imelia usiku. Wako na wengine ambao hukasirika, wakaenda moja kwa moja kwa fundi na kumwambia azibe kila tundu kwa gundi. Hao wa pili ndio tuwaandikiao hasa, maana tendo hilo, ingawa laonekana kuwa la busara, mara nyingi ndilo liharibulo geji.

Jambo lenyewe si dogo kama lionekanavyo. Katika miji na vituo vya biashara vya Kenya sheria yakataza mwendo upitao kilomita 50 kwa saa, na mtu asiyeuona mshale hawezi kujua kwa hakika kama ameupita mpaka huo au la. Geji ya mafuta ikisema uongo, dereva wa bodaboda aweza kukwama porini usiku pamoja na abiria wake, pengine mama mgonjwa apelekwaye hospitali. Taa ya kiashiria ikifichwa na ukungu, mtu aweza kupinda kona na kuendelea na safari huku taa ya kulia ikimulika bado, na mwenye gari ajaye nyuma akadanganyika. Tena bei ya geji mpya si ndogo kwa mtu ambaye chakula cha nyumbani kwake chatoka katika nauli za siku ile ile.

Basi yafaa kwanza tujue maji haya yatoka wapi.

Hewa yote tuivutayo ina maji ndani yake, lakini hatuyaoni kwa kuwa yako katika hali ya mvuke. Hewa yenye joto yaweza kuchukua mvuke mwingi, na hewa ya baridi huchukua kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 za Selsiasi yaweza kubeba karibu gramu 30 za maji. Hewa hiyo hiyo ikipoa mpaka digrii 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi, na ikifika digrii 10 ni gramu 9 tu. Zile zilizozidi hazina budi kutoka, nazo hutua juu ya kitu chochote kilicho baridi. Kila mtu aliyepata kununua soda ya baridi amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake: chupa hutoka jasho mezani, wala hakuna awezaye kusema kwamba soda imepenya kioo. Jasho lile limetoka katika hewa ya chumba.

Mganga mmoja wa London, jina lake William Charles Wells, alichapisha kitabu mwaka 1814 kuhusu umande. Alieleza kwamba vitu vilivyo wazi chini ya mbingu safi hupoteza joto lao usiku hata vikawa baridi kuliko hewa inayovizunguka, ndipo umande unapovitulia. Kitu kilichofunikwa kwa juu hakipoi namna hiyo. Maelezo hayo ya zamani yatufaa sana katika habari ya pikipiki. Kioo cha geji kimeelekea juu, kimekaa wazi, nacho ni chembamba. Kwa hiyo katika usiku usio na mawingu chapoa upesi, na mvuke ulio ndani ya geji hutua juu yake kabla ya kutua penginepo. Pikipiki iliyolala chini ya paa, hata kama banda lenyewe halina kuta, huamka ikiwa na ukungu mdogo kuliko ile iliyolala uani.

Kadhalika mtu aweza kuupata ukungu huo hali akiwa safarini. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na Kericho zaidi ya mita 1,900. Kwa kadiri mtu apandavyo, hewa hupoa kama digrii sita kwa kila mita 1,000. Dereva aliyeondoka ziwani saa kumi za jioni, geji yake imejaa hewa ya joto yenye unyevu, akakutana na manyunyu ya Kericho kabla ya magharibi, asishangae kuona kioo kikigeuka cheupe. Pikipiki yake haina ugonjwa wowote.

Ukungu ni mmoja, na maji ni mengine

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, nasi twamwomba msomaji apasome polepole. Si kila unyevu ulio ndani ya geji ni dalili ya kuvuja. Tufanye hesabu ndogo. Chukua geji ambayo ndani yake mna nafasi ya nusu lita ya hewa, na hiyo ni geji kubwa. Hewa hiyo, hata ikiwa imeshiba mvuke kabisa katika joto la digrii 25, haina zaidi ya miligramu 12 za maji. Tone moja la maji lina uzito wa miligramu 50 hivi. Maana yake ni kwamba mvuke wote uliomo ndani ya geji nzima, ukigeuka kuwa maji, haupiti robo ya tone moja. Robo ya tone yatosha sana kukipaka kioo kizima ukungu, lakini haitoshi kutiririka wala kufanya kidimbwi.

Kwa hiyo dalili zatofautiana. Ukiona ukungu mwepesi ambao huondoka baada ya jua kupanda, au baada ya taa za geji kuwaka kwa muda na pikipiki kutembea, wala hauachi alama, geji yako ni nzima. Uiache. Ukiona matone makubwa, au maji yacheza chini ya kioo unapoinamisha usukani, au mstari wa uchafu kama ule uachwao na maji ya mafuriko ukutani, hapo ujue maji yameingia kwa mlango, wala hayakuja kwa njia ya hewa. Na ukungu ukaao mchana kutwa, siku tatu au nne mfululizo, hata katika jua, maana yake ni kwamba chini kuna maji yaliyofichika ambayo hugeuka mvuke kila siku na kurudi kioo usiku. Huo nao uhesabiwe kuwa ni kuvuja.

Watu wengi hudhani kwamba geji njema ni ile isiyopitisha hewa hata kidogo, kama mkebe wa maziwa. Sivyo ilivyo. Geji nyingi zimeachiwa makusudi tundu dogo upande wa chini, mahali ambapo mvua haifiki, nyingine zikiwa na kipande cha sponji au utando maalumu upitishao hewa na mvuke lakini ukazuia maji yenyewe. Geji yapumua. Wakati wa mchana joto hupanua hewa iliyo ndani, na sehemu yake hutoka. Jioni hewa husinyaa, na nyingine huingia. Mahali pa kupumulia pakiwa wazi, unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Pakizibwa, unyevu huwa mfungwa.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Tuseme geji imekaa juani mpaka hewa ya ndani imefika digrii 50, kisha ikamwagiwa maji ya baridi ikashuka mpaka digrii 20. Hewa ile husinyaa kwa karibu sehemu tisa katika mia. Katika nusu lita, hizo ni mililita 45 hivi, yaani vijiko vitatu vikubwa vya mezani. Nafasi hiyo haina budi kujazwa. Tundu la chini likiwa wazi, itajazwa na hewa, na jambo limekwisha. Lakini likiwa limezibwa, geji huvuta kwa nguvu kupitia ufa wowote ilio nao, na ufa wenyewe wakati huo umefunikwa na maji. Hivyo huyanywa maji. Bila shaka hayaingii vijiko vitatu kwa mkupuo mmoja, lakini msomaji ataona ni kwa nini mtu aliyeziba geji yake kila mahali kwa gundi hurudi kwa fundi baada ya mvua mbili tatu akilalamika kwamba maji yamezidi. Ameacha ufa mmoja asiouona, na huo mmoja umekuwa mdomo.

Kwa sababu hiyo hiyo twalaumu desturi ya kuosha pikipiki mara tu baada ya safari. Dereva afika kituoni saa saba za mchana, pikipiki imewaka joto, akamkabidhi kijana mwenye mashine ya kurusha maji kwa nguvu, naye kijana, kwa bidii yake, aielekeza bomba katika geji kwa kuwa ndipo penye vumbi lionekanalo. Hakuna namna iliyo bora kuliko hiyo ya kuingiza maji ndani ya geji, kama mtu angetaka kufanya hivyo kwa makusudi. Pikipiki na ipoe kwanza kivulini kwa nusu saa. Geji zipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, na bomba lisielekezwe kamwe kwenye geji, swichi za usukani wala taa ya mbele. Mvua ya Mungu, hata ile ya masika, hudondoka kwa nguvu ndogo kuliko mashine hizo.

Madhara yaliyofichika

Ili tujue ni kwa nini maji yaharibu, yatupasa kutazama ndani. Katika pikipiki nyingi za bei nafuu zitumikazo nchini, mita ya mwendo haitumii umeme. Kebo nyembamba yazungushwa na gurudumu la mbele, ikapanda ndani ya mfereji wake mpaka kwenye geji, na huko yazungusha sumaku. Sumaku imekaa karibu na kikombe kidogo cha alumini bila kukigusa. Ikizunguka, huzaa mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate sumaku. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kisizunguke moja kwa moja. Kadiri mwendo uzidivyo, mvuto huishinda springi zaidi, na mshale ulioungwa na kikombe hupanda. Ufundi huu uliandikishwa Ujerumani na Otto Schulze mwaka 1902, na mpaka leo wafanya kazi yake.

Msomaji aona kwamba chombo chote kimejengwa juu ya wepesi. Ekseli ya mshale ni nyembamba sana. Kutu kidogo, au vumbi lililolowana likakauka, latosha kuushika. Mshale huanza kutetemeka, kisha husimama kwenye kilomita 40 hali pikipiki yaenda 70. Zile namba zihesabuzo kilomita hugandamana, zikaacha kuzunguka.

Geji ya mafuta ni nyingine. Hiyo hupata habari zake kwa umeme kutoka kwenye boya lililo ndani ya tangi, na habari hizo hupita katika viungo vidogo vya shaba. Maji yakikaa mahali penye umeme na shaba, hufanyika kutu ya kijani, na umeme hupita kwa shida au hupita mahali pasipopasa. Ndipo geji ionyeshapo tangi limejaa hali limekauka. Pwani mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huiharakisha kutu. Geji iliyoingia maji ya mvua huko Nyeri yaweza kungoja wiki moja kabla ya kufunguliwa. Ile ya Mombasa au Malindi isingoje.

Namna ya kuikausha

Pikipiki iliyo bado katika muda wa dhamana irudishwe kwa aliyeiuza, wala isifunguliwe na mtu mwingine, kwani mwuzaji akiona skrubu zimeguswa aweza kukataa. Pia piga picha ya geji kwa simu, hesabu ya kilomita ionekane vizuri, kabla ya kuigusa.

Kama muda huo umekwisha, anza kwa njia nyepesi. Tazama chini ya geji utafute lile tundu. Huwa dogo kama kichwa cha pini, na mara nyingi limezibwa na matope, au na nyigu wale wajengao nyumba zao kwa udongo, ambao kwa sababu wazijuazo wenyewe hupenda sana matundu ya namna hii. Lizibue kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa. Usitumie msumari wa moto, maana utayeyusha plastiki na kutoboa penye nyaya. Kisha iache pikipiki katika jua la asubuhi kwa saa mbili tatu, siku mbili mfululizo. Kwa geji nyingi zilizokuwa na ukungu wa kudumu dawa hiyo yatosha, nayo haigharimu senti moja.

Maji yakiwa bado yamo, geji haina budi kufunguliwa. Waya mmoja wa betri utolewe kwanza. Kebo ya mwendo ifunguliwe, nyaya ziachanishwe, na kila moja ijulikane mahali pake. Pikipiki nyingi zina skrubu upande wa nyuma wa geji, na zikitolewa kioo hutoka. Lakini ziko geji ambazo kioo kimegundishwa kiwandani, na pikipiki za zamani za Kiingereza zina pete ya chuma iliyokunjwa kuzunguka ukingo. Hizo mpe fundi wa mita. Bisibisi na haraka vimevunja vioo vingi.

Ikiisha kufunguka, mimina maji yaliyomo, kisha weka geji mahali pakavu penye joto la kiasi na upepo. Mtu asiiweke juu ya jiko wala ndani ya oveni. Joto ambalo mkono wako hauwezi kulivumilia, geji nayo isipewe. Mshale usiguswe kwa kidole, kwa maana ukipinda kidogo tu au kuhama kwenye ekseli yake, mita itasema uongo siku zote. Kama maji yalikuwa ya matope au ya chumvi, kukausha peke yake hakutoshi, kwa kuwa chumvi hubaki na kunyonya unyevu tena. Vipande vya umeme vyahitaji kusafishwa kwa brashi laini na maji yaliyokenekwa, yaani yale safi yaongezwayo katika betri za gari. Asidi ya betri ni kitu kingine, isikaribishwe kabisa. Kazi hii ni ya fundi mwenye mkono mwepesi.

Watu hushauriana kufukia geji ndani ya mchele. Mchele hunyonya unyevu kidogo sana, na vumbi lake huingia katika ekseli ile nyembamba tuliyoitaja. Vile vijifuko vya chembechembe vikaavyo ndani ya masanduku ya viatu vipya na vyombo vya umeme, viitwavyo silika jeli, ni bora mara nyingi. Weka geji iliyofunguliwa ndani ya ndoo safi yenye kifuniko pamoja na vijifuko kadhaa, uiache usiku kucha. Visiachwe mahali pa watoto.

Kioo chenyewe, katika pikipiki nyingi za siku hizi, si kioo cha kweli bali ni plastiki. Kisisafishwe kwa petroli. Petroli hukifanya kiwe na nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na hizo haziondoki tena. Maji na sabuni kidogo yatosha. Wengine hupaka sabuni upande wa ndani ili ukungu usionekane, na kweli hauonekani kwa siku kadhaa, lakini maji yako pale pale. Hiyo ni kumpaka mgonjwa poda.

Kuziba, na mahali pa kuzibia

Sasa ndipo zamu ya kuziba ifikapo, baada ya kukausha, wala si kabla. Mwenye kuziba geji iliyolowana amefunga mlango hali mwizi yumo ndani.

Tafuta kwanza njia ya maji. Mpira wa kuzibia unaozunguka kioo hukakamaa kwa jua la miaka mingi, ukapasuka. Huo ubadilishwe kama wapatikana. Tazama mipira midogo mahali nyaya ziingiapo. Tazama kitufe cha kurudisha hesabu ya safari, kama kipo, maana shimo lake mara nyingi husahauliwa. Tazama kama kioo kina ufa mwembamba tangu siku ile pikipiki ilipoanguka. Fundi mwangalifu aweza kuthibitisha hivi: akiisha kutoa mashine ya ndani, huweka karatasi kavu katika kasha tupu, hulifunga, kisha humimina maji kwa kikombe upande mmoja tu kwa wakati. Akifungua, karatasi itamwonyesha ni wapi palipolowa.

Gundi ya silikoni hutumika sana, nayo yafaa, lakini si kila silikoni. Ile inukayo kama siki wakati wa kukauka hutoa asidi ya siki yenyewe, na mvuke wake hula shaba na madini mengine. Katika geji yenye viungo vya umeme yafaa kununuliwa ile isiyo na harufu hiyo. Ipakwe nyembamba penye ufa tu, kisha geji iachwe mpaka gundi ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Na lile tundu la chini libaki wazi. Twalisema mara ya pili kwa kuwa mafundi wengi, katika kutaka kumridhisha mwenye pikipiki, hulipaka nalo.

Je, geji isiyo na tundu itobolewe? Wako mafundi watoboao kishimo cha milimita mbili mahali pa chini kabisa, upande usioelekea gurudumu, na kwa geji kuukuu ivujayo kila mwaka hatuwezi kuwalaumu. Maji yaingiayo hupata pa kutokea. Kwa geji mpya hatushauri.

Kebo nayo isisahauliwe. Maji ya barabarani huweza kuingia chini penye gurudumu mpira wake ukiwa umechakaa. Kebo yahitaji grisi, lakini sehemu ya juu, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye geji, iachwe bila grisi. Ikipakwa mpaka juu, kule kuzunguka kwake huipandisha grisi ndani ya mita, na mshale hunata kana kwamba umetiwa asali.

Kuhusu kufunika pikipiki usiku, turubai au kitambaa kizito kilichowekwa juu bila kukazwa ni kizuri. Kufunga geji kwa mfuko wa plastiki na kuukaza kwa kamba si kuzuri, kwa sababu unyevu uliomo hukosa pa kwenda, na asubuhi utakuta umejitengenezea mvua yako mwenyewe. Tena mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Ule mwavuli mkubwa ambao madereva wengi wa bodaboda huufunga juu ya pikipiki husaidia geji kuliko wajuavyo: mchana huikinga na jua likakamazalo mipira, na usiku huizuia isipoteze joto lake kwa mbingu.

Mwenye kununua pikipiki iliyotumika aitazame geji asubuhi kabla ya jua. Mstari wa uchafu ndani ya kioo, skrubu zilizochubuka kwa bisibisi, au silikoni iliyojaa ukingoni, vyote vyaonyesha kwamba geji imepata kufunguliwa. Na geji iliyofunguliwa huenda hesabu yake ya kilomita si ile iliyotoka nayo kiwandani. Huenda fundi alikausha maji tu, na huenda alifanya zaidi. Muulize mwenye kuuza, akuonyeshe na ile picha, kama anayo.

Pikipiki za umeme, ambazo sasa zaonekana Nairobi na miji mingine, hazina kebo wala mshale. Habari zote, pamoja na kiasi cha umeme kilichobaki katika betri, huonyeshwa kwa tarakimu juu ya kioo cha umeme. Umande hauzipendelei hata hizo, na yaliyosemwa juu ya kivuli, mashine za kuoshea na tundu la kupumulia yazihusu vile vile. Tofauti ni moja tu. Kioo cha namna hiyo kikianza kuonyesha tarakimu pungufu au madoa meusi baada ya mvua, zima swichi papo hapo, wala usiiwashe kujaribu mpaka fundi wa kampuni iliyoiuza ameifungua, maana maji na umeme vikikutana juu ya ubao wenye viungo vyembamba namna ile, dakika chache zatosha kuuharibu.